Jemadari Kutu Hajafa

Kaka: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Kitinda: Ni mimi, Kaka. Kitinda. Shikamoo.

Kaka: Marahaba, mdogo wangu. Mbona simu ya watu? Na mbona unanong'ona?

Kitinda: Yangu iko kwenye mkoba, na mkoba ameushika Baba. Hii nimeazimwa na msichana mmoja hapa, amejivika maboksi mwili mzima, eti roboti. Salio lake lenyewe la kuchungulia.

Kaka: Kwa hiyo mmeshafika? Mko kwenye mkutano wa mashabiki? Safi sana. Mzee amefurahi?

Kitinda: Amefurahi mno. Ndiyo shida yenyewe.

Kaka: Sijakupata— subiri, niko kwenye shimo la lifti, tunabadilisha kamba. Sema tena.

Kitinda: Nimejifungia chooni.

Kaka: Tumbo?

Kitinda: Lingekuwa tumbo ningeshukuru. Ni zile tiketi zako.

Kaka: Tiketi zangu zimekosa nini? Mzee haoni, hatoki, nikimpigia simu hana hadithi nyingine ila Jemadari Kutu, yule shujaa wa jaridani. Nikasikia mashabiki wa Jemadari Kutu wanakutana, nikasema basi, hii ndiyo zawadi—

Kitinda: Jemadari Kutu alikufa.

Kaka: Alikufa? Juzi tu mzee kaniambia ameoa.

Kitinda: Ameoa kwangu.

Kaka: Kwako kivipi?

Kitinda: Kwenye jarida alikufa zamani. Alitumbukia kwenye tanuri la chuma, jarida nalo likafungwa. Lile toleo la mwisho lilitoka wiki ile Baba ametoka hospitali na bandeji machoni, daktari ameshatuambia hakuna la kufanya. Akaniambia, mwanangu, nisomee. Nikafungua, nikaona Jemadari anayeyuka. Ningesomaje?

Kaka: Ukafanyaje?

Kitinda: Nikabuni yangu: nikamning'inizia Jemadari mnyororo, akaudaka. Kesho yake Baba akataka kujua mnyororo umemfikisha wapi. Toka hapo, kila jioni namsomea kitu ambacho hakipo.

Kaka: [Anacheka.] Ngoja. Ile kesi ya paka mbele ya hakimu, aliyonihadithia mzee kwenye simu? Nilicheka mpaka msimamizi akanifokea. Ile ni yako?

Kitinda: Niliitunga nikiosha vyombo.

Kaka: Sasa si una kipaji? Tatizo liko wapi?

Kitinda: Tatizo ni hilo neno, kila jioni. Nilipata kazi ya zamu ya usiku kiwandani, nikaikataa. Yule seremala alinisubiri, akasubiri, akachoka, akaoa.

Kaka: Seremala gani? Hukuniambia habari za seremala.

Kitinda: Hukuniuliza.

[Mtandao unakwaruza.]

Kaka: Basi… na huko sasa kuna nini?

Kitinda: Baba amekaa katikati ya mashabiki, amevaa lile joho nililomshonea, anawahadithia harusi ya Jemadari. Wao wanatazamana. Kijana mmoja akanivuta pembeni, dada, hili ni toleo la ngapi? Nikamwambia naenda msalani.

Kaka: Mtoe humo. Mwambie kichwa kinakuuma.

Kitinda: Nimemwambia. Akasema nimeze vidonge, vimo mkobani. Wewe mpigie. Mwambie bomba limepasuka nyumbani, mwambie jirani kapiga simu, mwambie chochote.

Kaka: Yaani nimdanganye mzee?

Kitinda: Mimi nafanya nini kila jioni?

Kaka: Samahani. Nimeteleza ulimi.

Kitinda: Na ukishampigia, Kaka, uje umchukue. Akae kwako kidogo. Hata mwezi tu. Nimechoka—

Kaka: Ha— loo? Kiti— unakatika— hili shimo—

Kitinda: Kaka.

Kaka: —sikupati ka— bisa—

Kitinda: Nyamaza. Sikiliza hiyo sauti. Ni yeye.

Kaka: Nani?

Kitinda: Baba. Wamempandisha jukwaani, kwenye shindano la maswali. Nimepanda juu ya sinki, nainua simu dirishani. Sikia.

Mshereheshaji: …na swali la mwisho kwa mzee wetu. Jemadari Kutu alifia wapi?

Baba: Hajafa.

Mshereheshaji: [Kicheko ukumbini.] Alifia tanurini, mzee wangu. Siku ile wengi humu tulilia.

Baba: Basi nyinyi mlisoma vibaya. Mimi nasomewa na binti yangu, na binti yangu hajawahi kunidanganya. Yumo humu humu. Mwiteni aje na ukurasa.

Kitinda: Umesikia?

Kaka: Nimesikia. "Aje na ukurasa."

Kitinda: Kumbe shimo likitaka linasikia.

Kaka: Na kelele hizo?

Kitinda: Wanapiga makofi. Wananiita, ukumbi mzima. Dirisha hili lina nondo, nimeshalikagua.

Kaka: Kitinda, toka ukamwambie ukweli. Yaishe.

Kitinda: Yaishe kwako. Jioni atabaki na nani na giza lake? Wewe utakuwa shimoni. Ngoja— wanagonga. Ni roboti, ameniletea Baba hapa mlangoni. Usikate.

Baba: Kitinda? Umo?

Kitinda: Nimo, Baba.

Baba: Unaongea na nani?

Kitinda: Na Kaka.

Baba: Hajambo?

Kitinda: Hajambo.

Baba: Fungua kidogo. [Kitasa.] Sogea hapa, wasisikie. Waambie ukurasa umebaki nyumbani. Mimi sitabisha.

Kitinda: Baba… kwani unajua?

Baba: Macho ndiyo yalikwenda, mwanangu, masikio yamebaki. Jarida lile lilikuwa na karatasi ya kuteleza. Wewe jioni unafungua gazeti.

Kitinda: Umejua tangu lini?

Baba: Tangu wiki ya kwanza.

Kitinda: Na hukusema. Miaka yote hii, mimi nakuna kichwa, wewe unajua.

Baba: Niliogopa. Nikisema, utakosa sababu ya kurudi mapema. Unalia? Nawa uso twende, watu wanasubiri. Na usisahau, Jemadari tulimwacha mlangoni kwa mkwewe. Nataka kujua leo kama amekaribishwa.

Kitinda: Kaka, bado upo?

Kaka: Nipo.

Kitinda: Umesikia.

Kaka: Yote.

Kitinda: Haya. Simu inalia salio, na mwenyewe kasimama hapa ananitolea macho. Ngoja nikaseme huo ukurasa umebaki nyumbani. Nisalimie wifi.

Kaka: Usikate, Kitinda. Nimetoka shimoni, niko kwenye ngazi, nakusikia vizuri. Ijumaa nakuja kumchukua. Kusoma kwa sauti sijui, kutunga ndiyo kabisa, lakini nitamsomea mimi, na wewe jioni uende unakotaka. Umenielewa? [Mlio wa simu iliyokatika.] Kitinda? Haloo?