Alfayo Nyangate na Filamu Isiyosema

Ijumaa, tarehe 30 Juni 1978, Bwana Alfayo Nyangate anastaafu baada ya kuzunguka vijijini akionyesha sinema kwa gari letu la Kisii kwa miaka ishirini na tisa.

Kazi yake ilikuwa filamu za kufundisha kilimo cha majani chai na faida ya chanjo, lakini aliyoipenda ni moja ya zamani, ya mapenzi, isiyo na sauti, iliyoachwa na Mzungu aliyerudi kwao. Mwanamke anamngoja mchumba wake aliye vitani. Barua inasema mchumba amekufa, kumbe yu hai, na mwanamke anaposwa na mwingine. Alfayo aliwasemea wote kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, hata sauti nyembamba ya bibi arusi, na watu wakavunjika mbavu. Huko Keroka mama mmoja alisimama mbele ya kitambaa cha sinema akafoka, "Alfayo, mwambie akatae! Si tumemwona mwenzake yu hai?" Hakuketi mpaka mwisho.

Februari 1967, mchana wa jua kali, stoo yetu ya filamu iliwaka moto. Filamu za aina ile hushika moto kama petroli. Sote tulikuwa tumeshatoka nje salama, Alfayo akarudi ndani kuichukua filamu yake ile. Ouko, dereva wetu, akamfuata. Alimsukuma nje kupitia dirishani, kisha paa likamwangukia yeye. Tulimzika Ouko kwao, karibu na ziwa. Filamu haikubaki hata kipande. Tuliandika ng'ambo kuulizia nakala. Tukajibiwa kwamba hakuna nyingine inayojulikana.

Alfayo aliandika barua ya kuacha kazi. Kabla ya kuitoa alikwenda kwa Anyiko, mjane wa Ouko, nami nikamsindikiza.

"Mama," alisema, "mimi nilirudia filamu. Ouko alinirudia mimi."

"Alikuwa akinihadithia hiyo filamu kila akitoka safari," alisema Anyiko. "Alikuwa amefikia pale barua inapoletwa. Halafu ikawaje?"

Alfayo akamsimulia kwa Kiswahili, maana Anyiko hakujua Ekegusii, akikwama na kuanza tena: askari anarudi siku ya harusi, anasimama nje ya ua, anamwona mchumba wake amevaa shela, anageuka na kwenda zake bila kuonekana. Anyiko akalia. Shemeji zake walituambia hakuwa ametoa chozi tangu mazishi.

"Rudi kazini," alimwambia baadaye. "Lakini leo usiniombe msamaha."

Alirudi. Amefanya miaka kumi na mmoja zaidi, amefundisha waonyeshaji wanne, na stoo mpya ya mawe, yenye milango miwili, ilijengwa kwa sababu hakuchoka kuidai. Kila Desemba huenda kwa Anyiko. Kama neno la msamaha lilishasemwa, hatujui, hatukuuliza.

Tulipotaka kujua nani amkabidhi zawadi leo, alimtaja Anyiko. Tulisita kumpelekea ujumbe. Amekuja, ameketi safu ya mbele.

Bwana Nyangate, ahsante kwa kazi yako. Nenda salama nyumbani Nyamache, upumzike, na Mungu akupe afya na usingizi mwema.

Jemimah Mokeira, karani