Piteni Upande wa Kulia: Historia ya Mzee Nathaniel Masalu Machibya

Baba Paroko, Shehe wetu, viongozi wa mtaa, ndugu na majirani wote wa Mabatini, familia inawaomba msogee karibu na spika, kwa maana historia hii marehemu aliianza mwenyewe kwa kalamu ya bluu, akaacha nafasi ya kujaza mambo ya mwisho, na akaagiza isipunguzwe hata mstari mmoja.

Mzee Nathaniel Masalu Machibya alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Kigongo, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa marehemu Mzee Masalu, mfugaji, na marehemu Mama Paskazia, aliyekuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa ameshakasirika na hakuwahi kueleza sababu. Alisoma hapo hapo Kigongo kuanzia mwaka 1960 hadi 1967, kisha akajifunza ufundi umeme mjini Mwanza hadi mwaka 1970, na huko ndiko alikookota tabia iliyowachosha wote waliofanya naye kazi, ya kutogusa waya wowote bila kuupima kwa testa, hata kama mkubwa wake ameapa kwamba umeme umekatwa.

Alifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba tangu mwaka 1971, na tarehe 12 Novemba 1977 alifunga ndoa takatifu na Bi. Rose Paulo, wakajaliwa watoto watatu, Wilhelmina, Josephat na Winnie, pamoja na wajukuu saba ambao aliwafundisha kubishana kabla hawajajua kuhesabu. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1989 alihangaika na vibarua, na mwaka 1994 akaenda Dar es Salaam kufunga umeme kwenye majumba ya watu.

Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi ikiwa imepita kidogo, marehemu alikuwa juu ya ngazi akifunga taa katika nyumba moja Oysterbay, mtaa wa pili kutoka ubalozi wa Marekani, bomu lilipolipuka, karibu wakati ule ule na lile la Nairobi, likamtupa chini, fundi mwenzake Luhende akapoteza macho yote mawili kwa vioo vya dirisha, na sikio la kushoto la marehemu likafa pale pale, likabaki kama pambo. Alikuwa akisema kwamba waliotega bomu hawakumjua Luhende wala Luhende hakuwajua wao, na hapo ndipo alipoelewa kwamba vita vya namna hii havimtafuti adui, vinamtafuta yeyote aliye karibu ili walio mbali waanze kuogopana.

Alirudi Mwanza mwaka 1999, akajenga hapa Mabatini, akawa msikilizaji wa redio wa sikio moja, akafuatilia majengo ya New York mwaka 2001, sheria ya kuzuia ugaidi iliyopitishwa na Bunge letu mwaka 2002, kisha Nairobi tena, kisha Garissa, akaona jinsi ugaidi ulivyohama kutoka kwenye malori ya mabomu hadi kwenye simu za vijana, na jinsi majibu nayo yalivyohama, kutoka vioo vya kukagulia chini ya magari hadi mlinzi wa pale stendi ya Buzuruga kupekua kapu la bibi aliyebeba dagaa.

Alichaguliwa kuwa mjumbe wa nyumba kumi mwaka 2004, na mwaka 2016 wajumbe walipoelekezwa kufufua daftari la wageni na kuandika kila anayetia shaka, marehemu aliandika jina la Msafiri Abubakary, jirani yetu wa mkono wa kushoto, muuza vifaa vya simu, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na sita, ambaye alikuwa amerudi kutoka safari ya miezi minne akiwa na ndevu na suruali inayoishia juu ya kifundo, lakini hayo siyo yaliyomuudhi marehemu, kilichomuudhi ni kwamba kijana alikuwa anapita mlangoni bila kumwamkia, ndipo akaandika, kwa mkono wake, "Haamkii wakubwa, haeleweki." Siku ya Jumatatu, tarehe 13 Juni 2016, ndani ya mfungo wa Ramadhani, Msafiri alichukuliwa na vyombo vya usalama.

Juma moja baadaye mama yake, Bi. Mwaija, alikuja akasimama upande wa kulia wa kiti cha marehemu, akasema, "Shikamoo, Mzee Machibya. Umenisikia kwa sababu nimesimama huku. Mwanangu anatokea kushoto kwako, kila asubuhi amekuamkia kwenye hilo sikio bovu, hukuitika hata siku moja, akajua umemchukia." Mama Rose, mjane wake, anashuhudia kwamba siku ile marehemu hakula. Fundi aliyepima kila waya maisha yake yote, mtoto wa jirani hakumpima, na bomu la Oysterbay likawa limechukua miaka kumi na minane kufika Mabatini, tena likiwa limebebwa na yeye mwenyewe.

Aliandika maelezo ya kosa lake akayapeleka kila ofisi iliyokuwa na mlango, akaambiwa aviachie vyombo vifanye kazi, akajibu kwamba kazi hiyo vilipewa na yeye na yeye ndiye anayeitengua, akaondolewa ujumbe mwezi Oktoba, akasimama kwenye mkutano wa mtaa akasoma kosa lake kwa sauti, nusu ya watu wakaondoka, na yeye akaendelea kusoma. Mzee Abubakary, fundi cherehani, alipofariki mwezi Machi 2017 bila kumwona mwanawe, marehemu alilibeba jeneza hadi makaburini, wapo walionung'unika, hakuliachia.

Msafiri aliachiwa siku ya Ijumaa, tarehe 19 Januari 2018, baada ya miezi kumi na tisa, bila kesi, akampita marehemu aliyekuwa amesimama getini akimsubiri, na akaendelea kumpita hivyo karibu mwaka mzima. Kiti cha marehemu kilikuwa kimeshahamishiwa upande wa pili wa mlango, sikio zima likiangalia njia ya Msafiri. Tarehe 3 Desemba 2018, asubuhi, Msafiri alisimama hapo kwenye sikio zima akasema shikamoo, marehemu akaitika marahaba, akalia mpaka chai ikapoa. Msafiri hakusema kwamba amesamehe, na marehemu hakumwomba aseme.

Asidhani mtu kwamba marehemu aliwaonea huruma wauaji, maana alisema wazi kwamba atakayeleta baruti mtaani atamkamata yeye mwenyewe kwa mikono yake, lakini atamkamata kwa baruti, hatamkamata kwa suruali fupi. Mwaka 2021 alipofuatwa na mtu aliyetaka orodha ya wenye ndevu, alimpa jina moja, la kwake, kwa kuwa wiki ile alikuwa hajanyoa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, na siku ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, alifariki akiwa na miaka sabini na minne. Katika kikao cha msiba baba mdogo Chenge alishauri kwamba mambo ya daftari yasisomwe mbele ya jeneza, na Mama Rose akamjibu, "Msiposoma hayo, mtakuwa mmemzika mtu mwingine." Kwa hiyo yamesomwa, na asiyependa amekwisha kuyasikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu kwa miaka miwili wakivumilia ubishi wake, mafundi umeme wenzake, majirani wa makanisa na misikiti yote, na Bi. Mwaija, aliyepika uji wake wa mwisho.

Kabla ya safari ya Kigongo, heshima za mwisho zitatolewa hapa nyumbani, na marehemu ameagiza kwa kalamu ile ya bluu kwamba asipite mtu kushoto kwa jeneza, wote wapite kulia, mmoja mmoja, na wa kwanza, akikubali, awe Msafiri Abubakary.

Msafiri amekubali.

Shikamoo, Mzee Machibya, lala salama, tunakuja upande unaosikia.