Kwa Nini Kaeso Aliingia Motoni

Kwenye kona moja ya mtaa wa Subura, mjini Roma, kuna benchi la mawe mbele ya duka la divai ya moto. Asubuhi ile Trebio, mwoka mikate, alikaa katikati, nywele bado zinanuka moshi. Juzi ghorofa lao liliungua, bintiye akakwama ndani. Aliyebomoa ukuta akamtoa ni Kaeso, fundi viatu, jirani ambaye Trebio alikuwa haamkiani naye, kisa jogoo. Kijiwe kizima kikawa kinauliza: kwa nini?

— Huo ndio wema wenyewe, alisema Ndevu, aliyeacha kunyoa tangu amsikilize mwalimu wa falsafa pale sokoni. Mtu mwema haulizi nani rafiki, nani adui.

— Wema gani, bwana! Domo kinyozi akadakia. Yule anautaka uongozi wa mtaa. Subirini, mtamwona na joho jeupe la wagombea!

— Na mkono ulivyoungua vile? aliuliza Trebio.

— Kampeni hiyo!

— Hamjui kitu nyie, alisema Mama Petronia, mwenye duka, akiwamiminia divai. Vulkano, mungu wa moto, alimtokea ndotoni. Kamwambia asipoingia, moto utamfuata hadi kaburini.

— Basi si wema, ni woga!

— Woga gani unaokimbilia motoni? Ndevu akaruka juu. Kinyozi wewe, utanitia wazimu!

Trebio akacheka, kicheko cha kwanza tangu moto ule. Bintiye yuko hai, na hawa wanapigiana kelele kama kawaida yao. Akaona hana cha kuwaomba miungu tena.

Pembeni, mwenye nyumbu wa kubeba mizigo, mgeni kutoka mji wa Kapua, alikuwa akinywa divai yake.

— Samahanini, wazee. Huyo Kaeso mlipokwenda kumshukuru, mwenyewe alisemaje?

Domo akachungulia kikombe chake. Ndevu akajikuna kidevu. Mama Petronia akafuta meza iliyokwisha kufutwa.

Trebio alikuwa ameshukuru kila mungu anayemjua jina, Kaeso bado. Aliinuka bila kuaga, akavuka njia. Kaeso alikuwa mlangoni pake, mkono mmoja umefungwa kitambaa, kiatu amekibana magotini, anahangaika kukishona kwa mkono uliobaki.

— Kaeso, ndugu yangu…

Kaeso alimtazama, kisha akasogea kumpisha nafasi.

— Kaa, bwana. Mtoto ameamkaje?