Bwana Sahani na Picha Iliyorudi

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee maisha ya kaka yetu, na kwa kuwa marehemu hakupenda maneno ya kupamba, tutasema yalivyokuwa, atakayechoka viti vya nyuma viko karibu na mlango.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1948, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akasoma hadi darasa la saba, ada ikakosekana, ndipo mwaka 1965 akaingia kufagia studio ya picha iliyokuwa nyuma ya duka la vitambaa, na kwa kuchungulia, kuuliza na kuharibu karatasi za watu akajifunza kazi, hata mwenye studio alipostaafu mwaka 1971 akamwachia funguo. Hasira zake zilikuwa za karibu, kinyongo hakuwa nacho. Hakukubali kumfuta mtu kovu wala kumpunguza tumbo, na hakukata picha ya mtu, aliisafisha nzima mpaka ukingoni, tena kwa tupa alichonga meno mawili madogo ndani ya kamera yake ili kila picha itoke na alama hiyo pembeni, nendeni mkaziangalie zilizo kwenye kuta zenu.

Tarehe 9 Agosti 1973, asubuhi, umeme ulikatika, akamtoa nje uani mteja wake, binti aliyetaka picha ya kumpelekea mama yake, na alipokuwa anabonyeza, binti akanyoosha mkono juu, na kweli palikuwa na kitu cha duara, kinang'aa, kimetulia juu ya paa la ghala, mara hakipo. Gazeti likachukua filamu, likachapa anga peke yake, likamkata binti, kisha likasema filamu imepotea. Mji ukacheka, wakasema karusha sahani ya jikoni, akaitwa Bwana Sahani, na baadhi ya waliomwita muongo tuko nao hapa leo, karibuni sana.

Binti yule alifunga naye ndoa tarehe 17 Mei 1975, wakajaliwa watoto watatu. Shemeji ndiye aliyekuwa shahidi wake wa kitu kile, lakini watu walisema mke atasemaje, naye akaapa hasimami tena mbele ya kamera, hata siku ya harusi alimwambia, "Irudi kwanza ile, mume wangu, ndipo unipige nyingine." Alitangulia mbele ya haki mwaka 2009, haijarudi, na kaka aliyepiga harusi za mji mzima akabaki hana picha ya mkewe, ukiacha ile ya kitambulisho, ambayo shemeji mwenyewe alisema ni ya mtu mwingine.

Februari 2022 gazeti lilihama jengo, wapagazi wakasogeza kabati la chuma, bahasha yenye ile filamu ikaanguka kutoka nyuma yake. Mhariri wa sasa, muungwana, hakuichapa kabla ya uchunguzi, akamleta mtaalamu wa picha za kale, mama mtulivu, akaketi sebuleni kwa kaka na lenzi yake, akayaona meno mawili, akayalinganisha na picha zenu za harusi, akakuta filamu haijaungwa mahali popote, hakuna uzi wala mkwaruzo, na kivuli cha paa na cha binti vimelala upande mmoja. Akasema, "Mzee, picha ni ya kweli, haikuchezewa, ila hicho kitu sijui ni nini." Kaka akamjibu, "Na mimi sikuwahi kusema najua, mwanangu. Nilisema nimekipiga." Kisha akaichukua lenzi, akaiondoa angani, akaishusha mpaka kwa binti, akainama hapo mpaka chai ikapoa.

Mwishoni mwa mwaka huo moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, akafariki tarehe 3 Juni 2023, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake mkubwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ulimi wake, majirani waliozishusha picha zao ukutani ili zikapimwe, wenzake wa studio, na mhariri aliyeandika ukurasa wa mbele kwamba gazeti lilimkosea.

Picha iliyo juu ya jeneza ndiyo ile, aliisafisha mwenyewe mwezi Aprili, na mnaonong'ona anga liko wapi, alilikata yeye, mara ya kwanza na ya mwisho kukata picha, akabaki binti peke yake, kanyoosha mkono, anacheka.

Pumzika kwa amani, kaka, ile imerudi, sasa kampige nyingine.