Dada Yetu Loveness, Aliyetambuliwa Akiwa na Miaka Thelathini na Minane

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani, shikamooni, naitwa Fanueli Shekiondo, nasimama hapa kwa niaba ya familia.

Dada yetu Loveness alizaliwa hapa Mlalo tarehe 14 Machi 1979, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Alen na mama yetu Happiness, alisoma shule ya msingi kuanzia 1987 hadi 1993, hesabu akiongoza darasa, ila tarumbeta zikianza kupigwa kanisani alikimbilia nje amejiziba masikio, nasi tulimchapa tukidhani ni utundu, Mungu atusamehe.

Mwaka 1999 aliajiriwa kupika jamu katika shamba moja jirani na Irente, na tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa na shemeji yetu Kristian, wakajaliwa mtoto mmoja, Heri.

Mwaka 2009, kule kazini, alihamishwa ghafla kwenda chumba chenye mashine, akapiga mayowe, akajigonga kichwa ukutani hadi akatoka damu, na hospitali ya mjini wakasema ana tatizo la haiba, lile la mtu kuyumba kihisia na kung'ang'ania watu kwa hofu ya kuachwa, basi kwa miaka minane alimeza dawa zilizomlaza mchana kutwa, nasi tukamwita mkorofi.

Septemba 2017, katika kliniki ya afya ya akili Lushoto, nesi Sesilia alimuuliza, "Unapojiumiza, unaogopa mumeo atakuacha?"

Loveness akajibu, "Kristian sina wasiwasi naye, kinachoniumiza ni makelele, na mambo kubadilishwa bila kuniambia."

Nesi akamwita mama, akamuuliza habari za utotoni, mama akasimulia yote, na daktari, baada ya kumpima kwa wiki tatu, akathibitisha kwamba ni usonji, hali aliyozaliwa nayo.

Siku ile aliniambia, "Kaka, kumbe sikuwa mbaya."

Dawa zilipunguzwa kidogo kidogo, Kristian akawa anamwandikia ratiba kila Jumapili, akarudi kazini, akapewa chumba tulivu, akafundisha wenzake kumi na wawili kupika jamu ya matunda damu, yale mekundu machachu, na miaka hiyo dada yetu alicheka sana.

Februari 2024 aligundulika na saratani ya ini, akatutoka nyumbani kwake tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, ameacha mume, mtoto na mjukuu mmoja.

Tunawashukuru madaktari, nesi Sesilia aliyepo hapa, majirani mliopika na kuchota maji, na wenzake wa shambani.

Dada, tulichelewa kukufahamu, lakini tulikufahamu, pumzika kwa amani.