Nilivyomwibia Mama Mofini Yake

Bwana apewe sifa, watu wa Mbale! Na ninyi mliotembea kutoka Nakaloke na mvua hii, apewe sifa tena! Kiswahili changu ni cha kambini, mnivumilie. Jeshi ndilo lililonifundisha kukiongea, na jeshini ndiko nilikoonja kitu kilichonifunga.

Niliumia vitani kaskazini. Risasi ilivunja paja, nikaletwa hospitali Jinja, wakanichoma sindano ya mofini, ile dawa kali ya maumivu. Ndugu zangu, maumivu hayakuisha! Yalitoka pajani, yakaenda kukaa kwenye kiti kando ya kitanda, yakanitazama. Yalikuwa na umbo la mtu asiye na uso. Nikacheka! Nilimwona yupo, lakini hakunihusu.

Mfupa ukaunga. Nikapangiwa kulinda geti la kambi huko Kimaka, na daktari akanibadilishia dawa, akanipa panadol. Sisi askari tulizidharau: vidonge ni vya raia, sindano ndiyo dawa! Basi mbele ya daktari nachechemea ili anichome tena, nikifika barabarani natembea sawa. Waliponigundua wakaniachisha kazi, nikarudi kwa mama, Wanale.

Mama alikuwa na saratani ya titi. Sista wa zahanati alimletea mofini ya maji, ya kijani, kwenye chupa, na mimi ndiye niliyempimia kwa kijiko. Shetani hakunitafuta mbali! Nilianza kunywa kijiko kimoja, kisha viwili. Nikasaga panadol, nikakoroga na maji, nikajazia chupa. Nilijiambia dawa ya maumivu ni dawa ya maumivu, mama hatakosa kitu. Ujinga gani ule!

Mchana mmoja wa jua kali nilikuwa nimekunywa, nikamtazamia yule asiye na uso, aliyekuja kukaa kitini kila nikinywa. Hakuja. Mama akageuza shingo polepole.

"Mwanangu, huyu aliyekaa hapa ni nani? Hana uso."

Ndugu zangu, sikuwahi kumwambia mtu! Kiti kilikuwa kitupu machoni pangu. Mwili ukanisisimka wote.

"Ananikandamiza titi," akasema. "Mwambie aende." Akaanza kulia, mama aliyezaa watoto saba bila kupiga kelele.

Nikapiga magoti. "Yesu, mrudishe kwangu, amwache mama!" Nikachukua chupa, nikakimbia kwa sista, nikasema yote.

Sista akaipokea chupa. "Afande, panadol haiwezi maumivu ya saratani ile, yake yanataka mofini. Paja lako lilishapona, lilitaka panadol tu. Kila mmoja wenu amekunywa dawa ya mwenzake."

Akaja na chupa mpya, akanilazimisha nirudie maneno yale mbele ya mama. Ile aibu sitaisahau. Kisha sista akamwita jirani awe anapima. Mama akakataa.

"Apime yeye," akasema.

Mkono ulitetemeka hata dawa ikamwagika kwenye shuka. Mama akanishika kifundo cha mkono, tukapima tena pamoja. Akameza. Baadaye akatazama kile kiti, akavuta pumzi, akaomba uji. Tangu siku hiyo chupa ilikaa kwa jirani, lakini kijiko nilipima mimi, jirani akiangalia.

Na Bwana alijibu ombi langu sawasawa nilivyoliomba! Daktari ambaye sista alinipeleka kwake alinipunguzia dawa kidogo kidogo, na yule asiye na uso akarudi kwangu. Hakukaa kitini tena, alinikalia kifuani. Jasho, kutapika, mifupa kulia. Nilimwogopa, lakini nilifurahi kwamba hayuko kwa mama. Asubuhi moja nikaamka, kifua chepesi, hayupo.

Mama alilala katika Bwana wiki chache baadaye, akiongea nasi kwa utulivu. Asante, Yesu! Leo baridi ikinibana paja nameza panadol, naenda kulima.

Ndugu yangu unayeficha kitu, usingoje mgonjwa wako amwone mgeni wako. Sema leo. Mama aliniamini mimi mwizi wake. Mungu atashindwa kukupokea wewe? Njoo mbele, hata kama mkono bado unatetemeka.