Fundi Aliyekataa Kuondoka: Phanuel Shikanga na Kiyoyozi cha Lumakanda

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Karakana ya Ushirika ya Majokofu na Viyoyozi, Kakamega, Bwana Phanuel Shikanga anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026. Kanuni zinasema aliyefikisha miaka sitini aende nyumbani. Tumezisoma, tumezielewa, na tunatangaza mapema kwamba hatujazipenda.

Shikanga ni mzaliwa wa Bukura. Aliingia kwetu akiwa fundi wa majokofu ya maziwa na soda. Viyoyozi vilikuja baadaye, watu walipoanza kujenga nyumba za bati zenye madirisha madogo, kisha wakashangaa kwamba mchana ndani kunawaka. Alijifunza mashine hizo kwa kuzifungua, kuzifunga na kuzitukana kwa sauti ya chini.

Mimi nimekaa kwenye meza ya simu muda mrefu, kwa hivyo malalamiko yote dhidi yake yamepita sikioni mwangu. Mengi ni ya kweli. Ni kweli alimwambia mchungaji mmoja kwamba kufunga dirisha ni kazi ya mwenye nyumba, si ya fundi. Ni kweli alikataa kumjazia mtu gesi kabla ya kutafuta tundu, akisema gesi si sukari, haiishi kwa kutumiwa. Ikipungua imetorokea mahali. Meneja alipigiwa simu, meneja akafoka, na Shikanga akabaki amesimama palepale na spana yake.

Kwa vijana wa karakana alikuwa na amri moja tu: kaa kwanza. Ukiambiwa nyumba haipoi, usikimbilie bisibisi. Keti humo ndani kama mwenyeji, uone nyumba inaishi vipi. Amri hiyo iligongana na tangazo la meneja wetu, Bwana Kibiwott, lililobandikwa ukutani: fundi asizidishe saa moja kwa mteja, na mashine iliyozeeka isitengenezwe, mteja ashauriwe kununua mpya. Kibiwott si mtu mbaya. Ana mishahara ya kulipa, na duka lililojaa viyoyozi vipya visivyotoka.

Hapo ndipo Lumakanda inapoingia. Novemba ya mwaka juzi tulipigiwa simu na Chemutai, ambaye anafanya kazi Eldoret. Baba yake, Mzee Kiptoo, anayeishi Lumakanda, alikuwa amepooza upande mmoja, na daktari alikuwa ameonya asikae kwenye joto. Chemutai alimnunulia kiyoyozi kilichotumika. Kilifanya kazi vizuri, halafu kikaacha kupoza. Fundi wetu wa kwanza alifika akakuta hewa inatoka baridi kabisa, akarudi. Kesho yake nyumba ikawa tanuri tena. Wa pili naye alikuta baridi, akaongeza gesi ili asionekane amekwenda bure. Hali ikawa mbaya zaidi. Kibiwott akasema sikio la kufa halisikii dawa, wanunue kingine.

Hawakuwa na uwezo huo. Chemutai aliniambia angekuja Jumamosi na gari amchukue baba akaishi naye Eldoret. Siku hiyo alikuwa nyumbani kwao, na nyuma yake kwenye simu nikamsikia mzee mwenyewe, maneno yakimtoka kwa shida: "Mimi siendi. Nitatoka hapa nikibebwa." Mzee Kiptoo aliingia shamba lile akiwa kijana, akang'oa visiki na baba yake. Sasa mashine mbovu ndiyo ingemhamisha. Nilikasirika. Nilipomweleza Shikanga, alinyoosha mkono tu. Ufunguo wa gari nilimpa mimi, bila ruhusa, na leo ningempa tena.

Alhamisi asubuhi alikuwa Lumakanda. Chujio lilikuwa safi, kwa hiyo hewa haikuzibwa. Rimoti ilikuwa kwenye baridi, si kwenye feni tupu kama ilivyo kwa nusu ya wateja wetu. Hewa ilitoka baridi. Fundi mwingine angeaga. Shikanga alivua viatu akaketi kando ya kiti cha mzee.

Saa moja ya meneja ikaisha. Akaletewa chai. Mchana akaletewa ugali na mursik, yale maziwa ya mgando, akanywa kwa adabu ingawa macho yake, alikuja kunikiria, yalikuwa yanaitafuta ingokho, kuku wa kwao. Kibiwott alikuwa ananipigia kila mara kuuliza gari liko wapi. Nami nilikuwa nimeanza kuhofia kwamba mgeni huyu atapewa jembe kabla ya siku ya tatu.

Alasiri mawingu yakafunga. Cherop, mkewe Mzee Kiptoo, alitoka mbio. Muda si muda hewa ya kiyoyozi ikawa vuguvugu, na jasho likaanza kumtoka mzee kwenye paji la uso. Shikanga akazunguka nyuma ya nyumba miguu mitupu. Alikuta turubai limefungwa kama kibanda, na chini yake mahindi yametandazwa mbele ya mashine ya nje. Mashine hiyo kazi yake ni kuchukua joto la ndani na kulitupa nje. Humo kibandani ilikuwa inalimeza tena joto lake yenyewe.

Cherop hakuficha kitu. "Mahindi ingeoza na hii mvua," alisema. "Na mashini inapulizanga joto ya bure. Wageni wakikuja tunatoanga turubai, tunafagia. Si ni aibu fundi akute boma hivi?"

Basi kila fundi alifagiliwa ugonjwa kabla hajauona. Shikanga alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Kisha akapunguza gesi ile ya ziada, akachimbia nguzo, akalisogeza turubai mbali na feni na kuliacha wazi pande mbili, hewa ya moto ipite juu ya mahindi na iende zake. Mahindi yakakauka na nyumba ikapoa. Jumamosi Chemutai alimkuta baba yake amevaa sweta, anaomba baridi ipunguzwe. Alirudi Eldoret na gunia la mahindi mahali pa mzee.

Kibiwott alimwandikia Shikanga onyo. Shikanga alilikunja akaliweka chini ya mguu wa meza yake uliokuwa unayumba, na meza imetulia mpaka leo. Tangazo la saa moja bado liko ukutani. Hatulifuati, na meneja, ambaye atausoma ukurasa huu, anajua kwamba hatulifuati. Shikanga anaondoka, amri yake haiendi popote. Atakayetaka kuiondoa aje atukute tumeketi.

Asante, Omwami Shikanga, kwa kutufundisha ukaidi wenye faida. Ukapumzike Bukura, ingokho isikose mezani, na siku zako ziwe na afya na amani.

Mzee Kiptoo ametuma habari kwamba Ijumaa atakuja kukuaga. Yule aliyeapa kutoka kwake akiwa amebebwa anatoka kwa hiari yake, kwa ajili yako. Tumemwahidi jambo moja tu: jioni hiyohiyo tutamrudisha nyumbani.

Winrose Chelimo, meza ya simu